Umati wa Gatini Nansio

Mjukuu wangu Baraka,

Shikamoo yako imefika, nami naitikia marahaba. Hapa Igogo tu wazima, na mama yako mdogo amejifungua binti.

Umeniuliza, kwenye huo mchezo wa kampeni unaoutengeneza kwenye kompyuta, mchezaji atajuaje kwamba watu wako upande wake. Nimekumbuka uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Nilisimama gatini Nansio na kipaza sauti, namnadi mgombea wetu. Watu walijaa mpaka ukingoni. Ziwa lilikuwa limetulia, jeupe kwa jua, na sauti yangu ikawa inaelea juu yake mpaka nikaona tumeshashinda.

Ndipo meli ya Mwanza ikapiga honi. Wote wakabeba mizigo yao, wakapanda. Kumbe walikuwa abiria.

Alibaki bibi mmoja aliyekuwa akianika dagaa. Akaniambia, "Mwanangu, umemaliza? Njoo basi ukae, na mimi nina langu la kusema."

Sikukaa. Nilikuwa nawahi mkutano mwingine. Tulishindwa, na mpaka leo sijui alitaka kuniambia nini.

Kwenye mchezo wako mweke na yule bibi. Mpe maneno.

Ni mimi, bibi yako.