Pipa Ulilolishindilia Mwenyewe

Mama,

Nguruwe wazima. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeliuliza kwanza.

Tulipotoka kukuzika, Mjomba Kalisti alisema banda livunjwe, nguruwe wauzwe, mimi nirudi Dar kwenye kazi yangu ya hoteli. "Mwenyewe hayupo. Nani atahangaika na maganda?" Nilimtazama tu mdomo ukicheza.

Lile pipa la bluu la chakula chao lilikuwa bado limefungwa. Maganda ya muhogo, pumba, na mabibo yanayotupwa korosho zikishang'olewa, vyote ulivichanganya, ukapanda juu ukavishindilia kwa miguu. "Hewa ikibaki, Tekla, kinaoza. Ikitoka, kinaiva." Hukuwahi kulifungua.

Nililifungua mimi, waombolezaji wakiwa bado uani. Harufu ilinipanda, chachu kama togwa. Hakuna ukungu hata doa. Watu walingoja nilie. Nikachota ndoo, nikaenda bandani. Yule jike mwenye mimba, aliyegoma kula tangu ulipoondoka, alinusa, akazamisha pua yote. Nikakaa chini, na gauni la msibani, nikamwangalia mpaka akamaliza. Machozi hayakuja. Mpaka leo hayajaja, Mama. Usidhani sikukupenda.

Mjomba alisimama mlangoni. "Basi," akasema, "mwache azae kwanza."

Pipa lako lilipoisha nikatengeneza la kwangu. Likaoza. Maganda yakawa meusi, yananuka, nikayafukia nyuma ya banda, nikaingia ndani nikalala mchana kutwa. Aliyeniamsha ni Mama Zuhura, yule jirani anayekaanga mihogo mtaani Chikongola. Nilidhani ameacha kuleta maganda, kwa kuwa alikuwa akikuletea wewe. Alikuwa na gunia zima. Bandani hasogei, unamjua. "Nguruwe kwetu haramu," akasema, "maganda siyo. Amka, mwanangu."

Akakaa kwenye kibaraza, akayakata pamoja nami. Niliyaanika yanyauke kidogo, nikashindilia mpaka miguu ikafa ganzi, nikafunga nailoni kwa mpira wa baiskeli.

Likaiva.

Jike amezaa, na vitoto vinanyonya vyote. Nilivitazama nikitegemea nifurahi. Labda furaha nayo itachelewa.

Hotelini nimewaambia sirudi. Mjomba amenuna, ila jana alileta mabati ya kuezekea upande unaovuja. Na Jumapili, baada ya misa, akina mama wa jumuiya wanakuja kujifunza kushindilia pipa. Nakuahidi nitawafundisha bila kuficha kitu, hata kama watakuwa na nguruwe wanono kuliko wetu.

Pumzika, Mama. Mimi nabaki huku.

Tekla wako