Rimu Nilizounguza Nikamsingizia Baba Ximba

Nyumba 1147, Kitengo V,
Umlazi, Durban.
14 Oktoba 2019

Mpendwa kaka Bhekisisa,

Pokea salamu zetu sote wa hapa nyumbani. Hujambo huko Riyadh? Goti limepata nafuu, au bado linakusumbua ukipanda ngazi? Sisi tu wazima. Mama anakula vizuri na presha imeshuka.

Mwanao Hlengiwe alipendeza sana siku ya harusi, picha umeziona. Watu walilisifu gari la marehemu baba, hasa zile rimu za magurudumu, maana zilikuwa ziking'aa kama kioo. Hizo rimu ndizo zinazonifanya niandike. Kwenye simu ningekudanganya tena.

Kaka, jirani yetu Baba Ximba hakuziharibu. Ni mimi.

Nilitaka kuzing'arisha mwenyewe ili unisifu. Nikanunua dawa ya asidi, nikaipaka bila kuichanganya na maji, kisha nikaingia ndani kupiga soga na shangazi. Jua lilikuwa kali. Niliporudi dawa ilikuwa imekauka na alumini imeungua, madoa meupe rimu zote nne. Ulipopiga simu kuuliza kazi imefikia wapi, jina la jirani ndilo lililonitoka mdomoni, kwa kuwa asubuhi alikuwa amekuja kuazima mpira wa maji.

Ukataka kuongea naye. Nikampelekea simu pale getini, spika ikiwa wazi, majirani wakisikia.

"We mzee mlevi, usikanyage tena kwa baba yangu!"

Ulimwambia hivyo mtu aliyebeba jeneza la baba. Alinitazama, akanirudishia simu. Mimi nikaangalia chini.

Kesho yake alikuja na msasa wake, akakaa nje ya geti, kwa sababu ulimkataza kuingia. "Mwanangu, nitolee moja moja," akasema. Siku tatu alisugua, msasa ukiwa umeloweshwa maji, akianza na ule mkali hadi ule laini kabisa, ndipo akapaka dawa ya kung'arishia na kufuta kwa flana. Nilimpelekea chai pale pale barabarani. Nilishindwa hata kumwambia asante.

Harusini hakuja.

Jumapili nilikwenda kwake nikapiga magoti, nikasema yote.

"Nilijua siku ile ile," akanijibu. "Vidole vyako vilikuwa vimebabuka."

"Mbona hukusema, Baba?"

"Kaka yako alishaamini. Ningebishana na nani?"

Kaka, sijawahi kuona aibu kama ile. Akaniambia niinuke, mimi ameshanisamehe. Nilipouliza kuhusu wewe, akasema namba yake ya simu haijabadilika.

Mama na shangazi Ntombana wanakusalimu. Nisalimie binamu Mthunzi hapo kazini kwenu. Mungu akutunze ugenini, na akupe moyo wa kunitazama tena usoni.

Wako akupendaye, ingawa sikustahili kuaminiwa,
Dada yako Nokwazi