Sindano Kabla ya Mechi

Panda, Likasi
Jumapili, baada ya misa

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na Mama na wote walio nyumbani Kambove. Natumaini kikohozi chako kimepungua na mvua haiingii tena chumbani. Mimi ni mzima kiasi.

Kila unapopiga simu unauliza lini nitarudi kucheza handiboli. Hujauliza hata mara moja kama ninalala. Tangu nipasuliwe bega nalala nimekaa, kama mlinzi. Gaëlle, kine anayeninyoosha mkono hospitalini, ananifanya nipandishe vidole ukutani kama buibui, kisha ananivutisha mpira wa baiskeli uliofungwa mlangoni. Nalia, naye ananiambia nilie lakini nisiache. Juzi nilijifunga kitambaa kichwani mwenyewe. Nilipokuambia kwa furaha, ulisema nadeka. Baba, siku ile si mtandao uliokata simu. Ni mimi.

Gaëlle ndiye aliyenifungua macho. Bega langu lilikuwa limechanika kidogo tu, lingepona kwa kupumzika. Ile sindano ya kuua maumivu niliyodungwa kabla ya mechi ndiyo iliyonifanya nirushe mpira mechi nzima bila kusikia kitu, mpaka kano ikakatika.

Kwa hasira nilimfuata kocha Damas uwanjani, nikidhani ndiye aliyeagiza sindano, nikamwita muuaji mbele ya wasichana wote. Alinisikiliza mpaka nikachoka. Kisha akasema polepole: "Miye nilikatala, Fidélie. Ni baba yako alileta ule muntu wa sindano. Alisema watu wa timu ya Lubumbashi wanakuja kukuangalia, hauwezi kukaa kwenye benchi."

Nilimwita mwongo. Halafu nikakumbuka nani alinishika mkono siku ile, akaniambia niangalie pembeni, kwamba dawa imetoka kwa daktari wa timu. Ni wewe, Baba. Ulijua ninaumwa, ukanidanganya huku umenishika mkono.

Damas nimemwomba radhi. Wewe natamani nikutukane, na mdomo unakataa kwa sababu ni baba yangu. Basi hasira inabaki humu ndani inanichoma kuliko bega. Gaëlle anasema mkono utafika juu, labda hata na mpira. Nikicheza tena, usije uwanjani mpaka nikuite.

Wasalimie ndugu zangu wote. Macho ya Mama hayasomi tena, basi msomee barua hii wewe mwenyewe, bila kuruka, mpaka hapa.

Binti yako,
Fidélie