Ulinipeleka Nikalainike

Kwa dada yangu mkubwa,

Salamu zangu zikufikie ukiwa mzima wa afya, wewe na shemeji na watoto. Natumaini yule wa mwisho ameshapona kikohozi, na shemeji mgongo umemwachia. Mimi mwili ni mzima, kazi inaendelea na saluni haikosi wateja. Baada ya hayo, nina hasira na wewe. Nimeona niseme mapema, usije ukasoma nusu ya barua ukidhani nakuandikia kukushukuru.

Najua utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu unanikata kauli, na ukishindwa kunikata kauli unalia, na ukishalia mimi ndiye ninayekubembeleza. Leo nataka kusema mpaka mwisho.

Uliponishawishi niende kwa yule mama mshauri, ulinipambia maneno. Ulisema ni tiba inayomtazama mtu wote, mwili, akili na roho. Ulisema nitalazwa kwenye godoro laini, nifunguliwe muziki wa maji yanayotiririka, nipumue, nisahau, nirudi nyumbani nimekuwa mtu mpya. Ulisema siku hizi kila anayejipenda anakwenda, kwamba si ugonjwa, ni kujikuza. Na mimi, zuzu wako, nikaamini. Nikafunga saluni mchana, nikavaa gauni la kijani, nikaenda kujikuza.

Sasa nikueleze nilichokikuta, ili ukimpeleka mwingine usimdanganye. Muziki hakuna. Chumba kiko ghorofani, juu ya duka la miwani, kina viti viwili na mkeka, na feni inayolia kwi kwi kwi. Mama mwenyewe ni mtu wa makamo, anavaa soksi bila viatu, na hana haraka hata kidogo. Aliniuliza nalalaje, nakula saa ngapi, nacheka na nani. Nikamwuliza kama yeye ni mshauri au karani wa sensa. Akacheka, akaendelea kuuliza. Halafu ananyamaza. Dada, yule mama anajua kunyamaza! Unaongea mpaka unamaliza ulichopanga kusema, yeye kimya tu, na wewe unajikuta unasema usichopanga. Siku ile nilitoka nimechoka kuliko ninavyochoka nikisuka bibi harusi na wapambe wake wote.

Lakini hayo yote yalikuja baadaye. La kwanza kabisa, kabla sijakaa vizuri, aliniambia kwamba ulimpigia simu. Ulimwagiza kama mtu anayepeleka gauni kwa fundi apunguze kiuno. Ulimwambia mdogo wako ana hasira za kuzaliwa, kwamba nyumbani tunamwita Pilipili, na unaomba alainishwe kidogo kabla baba hajahamia kwake mwisho wa mwezi. Yule mama akakujibu kwamba hapokei maagizo juu ya mtu, na kwamba simu yako hatanificha. Alidhani habari ya baba ninayo. Mimi nikabaki nimekumbatia mkoba.

Ndivyo nilivyojua kwamba baba anahamia kwangu. Nimeambiwa na mgeni! Wewe na shemeji mmekaa, mmepanga, mzee mmeshamwambia, na nasikia mpaka kitanda chake mmeshakitafutia gari. Kilichobaki kilikuwa ni mimi kulainishwa. Dada, una uso gani? Mwenye nyumba anaambiwa wa mwisho, tena akiwa amekalishwa kwenye kiti cha mshauri!

Nilitaka nisirudi tena pale. Nikarudi, kwa hasira tu, nikamwambie yule mama kwamba nyinyi wote lenu ni moja. Alinisikiliza. Hakunituliza. Aliniuliza hasira hiyo naisikia wapi mwilini. Nikaona huyu sasa amechanganyikiwa, hasira si tumbo la kuhara hata iulizwe iko wapi. Lakini nilipojisikiliza nikakuta nimeuma meno, na bega la kushoto limepanda karibu na sikio. Akasema basi tutaanzia hapo.

Tumekwenda hivyo kwa muda, anaongea na mwili wangu kuliko anavyoongea na mimi. Juzi akaniambia nisimame kwenye mkeka, nivute pumzi, niinue mikono yote miwili taratibu. Wa kulia ukapanda. Wa kushoto ukaishia begani, kama kawaida yake. Unajua mwenyewe kwa nini wateja wangu nawakalisha kwenye vigoda vya chini. Akaniuliza mkono una nini. Nikamjibu kwamba nikiwa mtoto nilianguka ngazini, nilikuwa nakimbia na soksi. Akasema jambo hilo nimelitamka haraka, kama mtu anayesoma tangazo, akaniomba nilirudie polepole. Nikaanza. Nilipofika kwenye ngazi meno yakagongana, nikashindwa kuendelea.

Sikuanguka, dada. Na usiniambie kwamba nilikuwa nimesahau, yule mama akanitia maneno mdomoni, maana najua huko ndiko utakakokimbilia. Sikusahau hata siku moja. Baba aliushika mkono ule akauzungusha nyuma mpaka ukalia, kwa sababu nilimwagia chai shati lake la kazini. Mama yetu alikuwa zamu ya usiku. Wewe ulisimama mlangoni umeshika taulo. Kesho yake, kwenye benchi la hospitali, ni wewe uliyenifundisha cha kumwambia daktari: ngazi, mbio, soksi. Ulinikaririsha na kunikaririsha mpaka nikayashika.

Kwa siku ile sikulaumu. Ulikuwa msichana wa shule, na ulimwogopa kama nilivyomwogopa mimi. Nakulaumu kwa miaka iliyofuata. Umekuwa mtu mzima, una watoto wako, na bado kwenye kila shughuli unawasimulia watu jinsi mdogo wako alivyobiringika ngazini, tena siku hizi umeiwekea na vichekesho. Watu wanacheka, baba anacheka, na mimi nacheka nikiwa nimeshika sahani kwa mkono wa kulia. Halafu mnashangaa Pilipili anawaka kwa nini. Mnatafuta dawa ya hasira yangu, na kilichonitia hasira mnataka kukiletea kitanda nyumbani kwangu!

Usimpigie yule mama kumgombeza. Hakuniambia nimkatae baba, wala hakuniambia nimsamehe, ingawa nilimbana aseme moja. Aliniuliza tu mimi nataka nini. Nikamwambia nataka kulala chumbani kwangu bila kusikiliza nyayo zake kwenye korido. Nilisema hivyo nikalia mpaka pua ikaziba, na yeye akanisogezea karatasi za kufutia.

Basi baba haji kwangu. Si mwisho wa mwezi huu, si baada ya mvua, si kwa majaribio. Usiniambie amekuwa mpole, kwamba sasa anatembelea fimbo na machozi yake yako karibu. Nafurahi kwa upole wake, akae nao hukohuko. Dawa zake nitaendelea kuchangia kama nilivyochangia siku zote. Na wewe ukitaka kuja, njoo peke yako, nitakupikia, utalala, tutazungumza. Bado nakupenda, na ndiyo maana nimekasirika hivi.

Nibusie watoto, waambie mama yao mdogo amewakumbuka. Shemeji mwambie asibebe vitu vizito. Baba naye msalimie. Akikuuliza kwa nini safari imevunjika, usimwambie kwamba nina wageni, wala kwamba nyumba inapakwa rangi. Mwambie ni kwa ajili ya mkono wangu. Hatakuuliza ni upi.

Ni mimi,
Mdogo wako