Pai Isiyo na Mfuniko

Beechmont,
Louisville, Kentucky.
7 Desemba 2025

Mpendwa Mama Mdogo Epifania,

Shikamoo. Habari za huko Black Rock na theluji yenu? Goti linasemaje? Usiniambie halijambo huku umeegemea ukuta, nakujua. Sisi hatujambo. Lucas kikohozi kimemwachia, Dorcas anaendelea na shule, na mimi bado niko kiwandani. Miguu inalalamika jioni, asubuhi inasahau.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu mwezi wa Desemba ukifika simu zangu hupokei. Barua huwezi kuikata.

Mama Mdogo, nimepika pai za Krismasi. Zile za mama. Usicheke kwanza. Unamkumbuka yule Sista Mwingereza aliyemfundisha mama jikoni kule misheni, halafu mama akarudi nyumbani akapindua kila kitu? Tufaha hakuna, akaweka ndizi mbivu zilizokaushwa juani. Brandi hakuna, akaweka konyagi ya ndizi ya kwetu Bukoba. Zabibu ndizo alizonunua dukani, na alizificha ndani ya mtungi wa maharage kwa kukuogopa wewe, mdogo wake mwenye vidole vyepesi. Hata sasa nikinusa karafuu na maganda ya ndimu naona ile meza yetu ya mbao, na mama amejifunga kanga, anatufukuza.

Kama yeye, nilichanganya vya kujazia Jumapili ya Kristo Mfalme, tulipotoka misa. Kila mtu alishika mwiko, mdogo kwanza, mkubwa mwisho, akakoroga huku akitaja jina la aliye mbali. Dorcas alikutaja wewe, kwa Kiingereza chake. Baba yake, Lucas, alikoroga muda mrefu mno, kumbe anaonja wiski ya hapa Kentucky niliyoweka badala ya konyagi. Anasema alikuwa anapima ubora.

Kilichonishinda ni ganda la pai. Nilikanda unga kwa siagi, likatoka gumu, hata Lucas asiyejua kukataa chakula alilirudisha. Nikampigia Florida, yule binti aliyemuuguza mama mpaka mwisho. Akanicheka. Kumbe ni mafuta magumu ya ng'ombe, yale yanayozunguka figo, unayakuna yakiwa baridi. Nimeyapata kwenye bucha la Wasomali. Muuzaji aliniuliza kama natengeneza sabuni.

Basi jana kaka Tarcisius akaja kutoka Columbus, akavua koti, akaanza kukata mifuniko kwa bilauri kama tulivyofanya utotoni. Pai zilipoanza kuiva, nyumba nzima ikanukia Krismasi ya kwetu. Sikuficha, nililia. Naye akalia, mwanamume mzima mwenye ndevu. Jirani yangu Adolphine, Mkongo wa Bukavu, aliingia akatukuta tunagombania kitambaa kimoja cha kufutia machozi.

"Bon, Mama Dorcas," akasema, "hii munapika njo Noeli ama njo matanga?"

Kisha akaiona moja pembeni ya sinia. "Na hii yenye haina kifuniko, ni ya nani?"

Nikamweleza desturi yetu. Pai moja huokwa ikiwa wazi, ni ya aliye safarini. Akifika anakata unga, anaifunika kwa mkono wake mwenyewe, inarudi ovenini, na hapo ndipo Krismasi yake inapoanza. Asipofika, sikukuu ya Epifania, ile ya Mamajusi, ikipita wanatupiwa kuku. Nikamwambia hiyo ni ya mama yetu mdogo wa Buffalo.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe. Tangu mama afariki hii ni Krismasi ya tatu, na kila mwaka unaomba zamu ya sikukuu pale nyumba ya wazee. Unasema wenye watoto wapumzike. Mama Mdogo, hebu tuambiane ukweli. Hukuweza kwenda kumzika dada yako kwa sababu karatasi zako zilikuwa hazijatoka, na tangu siku hiyo umejiambia huna uso wa kuketi kwenye meza yake. Tumekuacha kwa heshima. Mwaka huu heshima imetosha.

Florida siku ile hakuishia kwenye mafuta. Aliniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Krismasi yake ya mwisho mama alikuwa haondoki kitandani, akasukuma unga juu ya sinia mapajani, anapumzika, anaendelea. Yako akaiacha wazi kama kawaida. Sikukuu zilipopita Florida akaichukua awape kuku, mama akamkatalia. "Iache hapo. Epifania amechelewa tu." Alipofariki mwezi wa Februari, pai yako ilikuwa bado kabatini.

Nimekaa na maneno hayo wiki nzima. Hakuna aliyekuhukumu, Mama Mdogo. Mwenye meza mwenyewe alikuwa anakungoja.

Tarcisius ameshaomba ruhusa kule ghalani kwao. Tarehe ishirini na tatu atakuwa mlangoni kwako. Theluji ikifunga barabara atalala kwenye kochi lako mpaka zifunguliwe, na unajua anavyokoroma. Zamu mpe mtu mwingine. Njoo na lile koti zito, na goti lako tutalikanda kwa maji ya moto.

Nisalimie Mama Gracieuse wa North Buffalo, na Pantaleo na mkewe. Jovini amepiga simu kutoka Bukoba, anakuamkia. Lucas na Dorcas wanakuamkia pia, na Adolphine anakusalimu ingawa hajakuona, maana tayari anakuulizia. Mungu azishike hatua zako kwenye ngazi zenye barafu, akuvushe salama hadi kwetu.

Pai yako iko kabatini, wazi. Umechelewa tu, waitu, mpendwa wetu. Na huku kuku hatuna.

Mwanao anayekupenda na kukungoja,
Editha