Barafu ya Goti

Jumanne, 16 Oktoba 2018
Renelle kanipigia tena kutoka Houston. Mnunuzi anakuja Jumatatu na karatasi zake. Nitie sahihi tu, baa yetu igeuzwe vyumba vya watalii. "Mama, mlango umeufunga tangu tumzike Baba. Hiyo ni baa ya nani, ya buibui?" Binti yangu ana mdomo! Lakini hajasema uongo. Leo nimeingia mle kutafuta balbu. Harufu ileile — bia, moshi, mafuta ya nywele ya Anatole wangu. Nikatoka bila balbu.

Alhamisi, 18 Oktoba
Percy kapita. Mpiga tuba wa gwaride la Jumapili, lile tarumbeta kubwa la kujivika mwilini, mnene vilevile, jasho vilevile. Kaja na sura ya msiba kuniambia mwaka huu bendi haitasimama kwangu kunywa. Watasimama kwenye baa mpya ya kona ya pili, wanakouza bia ya maembe. Bia ya maembe, mtaa wetu huu wa Tremé! "Bi Ernestine, usinikasirikie. Bendi haisimami kwenye mlango uliofungwa, unajua mwenyewe." Nikamwambia sijali, wakasimame hata mtoni. Akaenda zake. Nimelia nikimenya vitunguu — na vitunguu vyenyewe sikuwa na kazi navyo.

Ijumaa, 19 Oktoba
Siku nzima nawaza zile Jumapili. Anatole akisikia tuba tu, anawaacha wateja midomo wazi, anakwenda kufungua milango yote miwili. Mpiga tuba hawezi kuutua mzigo wake, kwa hiyo Anatole anamnywesha kwa mkono wake. Yeye wa kwanza, hata kama meya yupo foleni! Kuku wa kukaanga, miavuli ya wacheza ngoma, vumbi. Na mimi na gauni langu la njano, nacheza juu ya kaunta. Kiuno nilikuwa nacho siku hizo. Ee Mungu, nilikuwa na raha!

Renelle tena: nimeamua? Nikasema ndiyo, nitatia sahihi. Wala sauti haikutetemeka. Nikakata simu, nikakaa kitini hadi chai ikapoa.

Jumapili, 21 Oktoba
Nimenunua barafu. Mifuko mitano. Ya goti, linaniuma. Muuzaji akaniuliza nina magoti mangapi. Mshenzi!

Nimeifuta kaunta, mnunuzi asije akanicheka. Na vikombe nimevipanga. Vilikuwa vimekaa ovyo tu.

Saa nane mchana. Nawasikia! Bado wako mbali, ngoma kwanza, halafu lile tuba. Renelle anapiga simu. Iache ilie.

Wamefika kona. Wapite tu, mimi sitoki.

Hawapiti! Muziki umekatika hapa hapa, mlangoni kwangu. Si Percy alisema mwenyewe bendi haisimami kwenye mlango uliofungwa? Sasa anapiga makelele: "Bi Ernestine! Mgongo umekatika, koo limekauka! Mzee hayupo, sasa nani ataninywesha?" Watu wanacheka. Wanagonga mlango kwa kufuata mdundo, wajinga hawa, na mguu wangu nao unafuata, goti bovu na yote.

Ufunguo ninao. Uko shingoni tangu asubuhi. Simu bado inalia. Barafu imeanza kuyeyuka —