Kesi ya Nyimbo za Mama

Lasek, Wisconsin
Aprili 2004

Mpendwa mdogo wangu Duane,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya huko kisiwani Kodiak imeanza kukuachia vidole. Sisi hatujambo. Theluji imeyeyuka isipokuwa lile lundo la nyuma ya zizi, ambalo Rollie anasema tutalikuta hata siku ya kiyama. Goti la Mama linamsumbua akipanda ngazi lakini halimsumbui akienda kucheza karata, kwa hiyo usiwe na hofu. Je, unakula kitu kingine zaidi ya samaki? Mama aliniagiza nikuulize hilo kabla ya jambo lolote, nami nimeuliza.

Najua umesikia nusu ya habari kwa simu, na nusu hiyo amekusimulia mume wangu Rollie, maana yake hujasikia kitu. Tulia nikueleze.

Mwezi wa pili Mama aliletewa bahasha nene. Kampuni za muziki zilikuwa zikimshtaki mahakamani, yeye Leona Wachowiak, mjane, mwenyekiti wa kamati ya mazishi ya parokia, kwamba amechukua nyimbo kwenye mtandao bila kuzilipia na, kibaya zaidi, amezigawa kwa dunia nzima. Unajua jinsi kampuni hizo zinavyowaandama watu tangu mwaka jana, wanafunzi na vikongwe bila kubagua. Pamoja na mashtaka walitaja mifano ya nyimbo zenyewe. Niliisoma nikiwa nimesimama jikoni kwake, ikabidi niketi. Kulikuwa na polka, dansi yetu ya wazee, hilo nilielewa. Lakini kulikuwa pia na nyimbo za kupiga mayowe, zenye majina nisiyoweza kuyaandika katika barua, na nyimbo za mapenzi za Kihispania, na rapu ya matusi matupu. Mama alikuwa akimenya viazi. Akachukua kiazi kingine.

Nikamgeukia Rollie. Kikulacho ki nguoni mwako, na Rollie ndiye aliyemfungia Mama kompyuta ili aone picha zako, na ndiye aliyeweka humo ile programu ya kupakua nyimbo. Aliapa kwa kaburi la mama yake kwamba alipakua wimbo mmoja tu, wa malori. Nilimkumbusha kwamba mama yake yu hai na anaishi Florida. Basi hapo tukanuniana kwa wiki nzima, yeye akishinda gereji na mimi nikigonga sufuria kuliko zilivyohitaji kugongwa. Nilikuwa na hasira, Duane. Nilimwona Mama akipoteza nyumba kwa sababu ya mwanamume wa miaka hamsini anayependa nyimbo za malori.

Mji wetu hauna siri. Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima tulipofika ukumbi wa parokia kula samaki, mzee Norbert Zblewski alisimama kwenye foleni na sahani yake, akasema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, "Leona, nilipoona gari lako nimekwenda kuficha redio yangu." Mama akamjibu bila kugeuka, "Norbert, redio yako hata mwizi angeirudisha." Watu walicheka mpaka Padri Gerlach akaweka uma chini. Lakini nilimwona Mama akikata samaki wake vipande vidogo vidogo bila kumla.

Tukaenda kwa wakili Tesch, yule mtoto wa muuza mbegu. Rollie alivaa tai. Kabla hatujakaa vizuri akatangaza kwamba kosa ni lake peke yake, nyimbo zote amezipakua yeye, na wamwandike yeye badala ya mama mkwe. Duane, nimeolewa na mtu huyu miaka mingi na sijawahi kumpenda kama dakika ile, na nilimpenda huku bado nikiamini kuwa anasema kweli.

Mama alikuwa amepakata mkoba wake. Akasema, "Rollie, mwanangu, kaa chini. Wewe hata ufunguo wa gari lako huupati, utazipataje nyimbo elfu moja? Nilizichukua mimi."

Kisha akaeleza, taratibu, kana kwamba anamwelekeza mtu njia ya kwenda kanisani. Unakumbuka jinsi tunavyofanya baada ya maziko: watu wanashuka ukumbi wa chini, kamati inaandaa mikate ya nyama ya paja la nguruwe na viazi vya jibini. Mama aliona kwamba ukumbi ule unakuwa kimya mno, watu wanasikia vijiko vyao. Akaanza kuwauliza wafiwa marehemu alipenda nyimbo gani, akazitafuta kwenye mtandao, akawa anazipiga pembeni watu wakila. Jamaa wakiondoka anawapa viazi vilivyobaki pamoja na CD. Zile za mayowe zilikuwa za Randy Kuehl, yule wa gari la kuvuta magari mabovu. Za Kihispania zilikuwa za mkamua ng'ombe wa shamba la Hoffmann, aliyesafirishwa kwenda kuzikwa kwao Veracruz. Mama alisema wenzake walisimama karibu na spika wakiwa na kofia mikononi, na hakuna hata mmoja aliyegusa chakula. Rapu ilikuwa ya mjukuu wa Bernice, mwenzake wa kamati. Mama aliisikiliza yote, matusi na yote, akisambaza vikombe vya kahawa.

Wakili Tesch alimwuliza kwa nini aliacha nyimbo zake wazi kwenye mtandao ili wageni wazichukue, maana kampuni huwasaka hasa wanaoacha wazi. Waliofunga wengi wao hawaguswi. Mama akamshangaa. Alisema aliona kitufe cha kufunga, akakataa kukibonyeza. "Huendi karamu ya kila mtu na sahani yake ukiwa mikono mitupu, ukala vya wenzako, ukafunika chako," akasema. "Sikulelewa hivyo." Tesch alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Kilichomponza mama yetu ni adabu, Duane, basi.

Hata hivyo hakutaka kubishana. Alipoelezwa kwamba zile nyimbo zina wenyewe, alisema hata waimbaji wana watoto wa kulisha, na yeye hajawahi kula cha mtu. Wakapatana na kampuni: atalipa, ataacha, na nakala zote alizotengeneza zitaharibiwa. Malipo usiyawazie, parokia nzima imekula samaki na keki za mnada mpaka yakapatikana, na Norbert alinunua keki tatu huku akilalamika.

Kazi ilikuwa kuzirudisha zile CD. Mama alianza na CD yangu ya mazishi ya Baba, watu wasije wakasema amependelea watoto wake. Kisha akapita nyumba kwa nyumba. Lorraine Kuehl alimfungia mlango. Kesho yake akaja na bakuli letu la kuokea, limeoshwa vizuri, lile lenye jina la Mama chini yake, na ndani yake CD ya Randy ikiwa imelala juu ya vipande vya keki. Mama akampa kifurushi: alikuwa amekwenda dukani Wausau akanunua zile za mayowe zenyewe, halali, kwa pesa yake. Walikumbatiana pale mlangoni mpaka paka akatoka nje. Jumamosi tukazivunja zote gerejini. Mama alivaa miwani ya kuchomelea na kushika nyundo, na sitakuficha, alifurahia. Za Baba alizivunja mwisho, yangu na yake, kwa mkono wake mwenyewe, maana ahadi ni ahadi.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nikuandikie badala ya kupiga simu.

Baada ya kufagia, Mama alimwambia Rollie amfungulie kompyuta, anataka ule wimbo wa mwisho wa kwenye CD ya Baba. Rollie akawa mwekundu kama nyanya. Akakiri kwamba siku ileile bahasha ilipofika alishikwa na hofu kwa ajili ya wimbo wake wa malori, akafuta kila kitu. Mama akaketi juu ya tairi. Ndipo nilipomwona akilia, mara ya kwanza tangu mazishi ya Baba.

Wimbo huo si wa kampuni yoyote. Ni Baba akiimba zizini. Wewe ulikuwa na miaka kumi, ulijificha nyuma ya marobota ya majani ukimrekodi kwa ile redio ya kaseti, akakugundua akakufukuza, na kishindo cha ndoo kinasikika mwishoni. Mama aliutoa kwenye kaseti yako akauingiza kwenye kompyuta, na siku ileile mashine ikaitafuna kaseti. Wakili Tesch amewauliza kampuni, nao wamejibu kwa maandishi kwamba hawana dai lolote kwa mtu anayewaimbia ng'ombe wake.

Mama alikutumia nakala ya CD ile kwa sababu dhoruba ilizuia ndege, hukuweza kuja kumzika Baba. Uliniambia wakati wa Krismasi kwamba hujaifungua, iko kwenye droo, huwezi. Sikukulaumu wakati ule na sikulaumu sasa. Lakini imebaki hiyo moja tu duniani. Ifungue, mdogo wangu. Mama anasema nyimbo nyingine usizisikilize, nenda moja kwa moja kwenye ule wa mwisho, uuhifadhi mahali salama, kisha uivunje CD yenyewe kama alivyoahidi. Mimi nasema sikiliza zote kwanza, sitamwambia.

Kisha Jumapili baada ya misa utupigie, uiweke simu karibu na spika. Tutakuwa sote jikoni, na Rollie ameahidi kunyamaza. Mama ameshaandaa kiti karibu na simu. Anasema hata kama utasikika mlio wa ndoo tu, unamtosha.

Rollie anakusalimu, pia Bernice, na Norbert anauliza kama huko kuna keki. Vaa soksi mbili mbili.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Marlys